"Still" Ikikugomea: Dalili, Chanzo na Dawa

Maji yalikuwa yamekupwa, pwani ya Bagamoyo imebaki tope tupu na boti zimelala ubavu. Mgeni akanipigia simu kutoka hotelini, anauliza kama boti yake imeshafika. Nikamjibu kwa kujiamini, neno moja tu: "Still."

Kimya. Kisha akauliza, "Still what?" Nikarudia kwa sauti ya juu, maana nilidhani mtandao unasumbua: "Still!" Akakata simu. Haikupita robo saa akatokea pwani na mabegi yake yote. Akanikuta mimi na kunguru.

Kichwani mwangu nilikuwa nimesema "bado". Masikioni mwake nilikuwa nimeanza sentensi nikainyamazia katikati, naye akaimalizia mwenyewe alivyoona inafaa.

Siku hizi wageni nawatembeza mara chache. Jioni nafundisha Kiingereza cha kazini hapa barazani kwetu, Magomeni ya Bagamoyo. Wanaokuja ni watembeza wageni wenzangu, wahudumu wa hoteli, na vijana wa bodaboda wanaopeleka watalii Kaole. Katika maneno yote wanayoniletea yakiwa yameharibika, hili ndilo linaloongoza. Neno gumu mtu huliendea kwa tahadhari. Hili kila mtu anajua kwamba "still" maana yake "bado", alishaambiwa shuleni, basi amefunga daftari.

Fundi akiletewa gari haanzi kufungua injini, anauliza kwanza linalia vipi. Nasi tufanye hivyo hivyo. Tafuta dalili inayofanana na yako. Ila kwa kila dalili kuna vipimo viwili usivyoweza kuviruka: neno limekaa wapi ndani ya sentensi, na jirani yake ni nani.

Umejibu "Still", mtu akabaki anakutazama

Hii ndiyo ya kwangu ya pale pwani, na ndiyo mama wa nyingine nyingi, kwa hiyo tukae nayo.

"Bado" yetu inajitosheleza. Umekula? Bado. Wamefika? Bado. Haihitaji mwenzake kwa sababu inatazama mbele, kwenye jambo linalosubiriwa, na anayeuliza na anayejibu wote wanalijua jambo lenyewe. Ndiyo maana tunasema bado dakika tano, bado siku tatu Idi, bado watu wawili. Mtoto aliyeona mwenzake anachapwa, akageukiwa na kuambiwa "bado wewe", hahitaji kutafsiriwa. Neno lenyewe tulilichukua kwa Waarabu, na huko asili yake ni "baada ya".

"Still" inatazama nyuma. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa "stille", na maana yake ilikuwa kitu kilichotulia, kisichotikisika. Maana ya "bado" ilikuja baadaye, ikitoka humo humo: hali iliyokuwepo jana, na leo haijatikisika pale ilipokuwa. Kwa hiyo "still" lazima iwe na hali ya kushikilia. Ukiitamka peke yake umetupa nanga ambayo haikufungwa kwenye chombo chochote.

Dawa inategemea "bado" yako ni ipi. Kama umeulizwa swali la "-mesha-" na jibu ni "bado", sema "Not yet." Hapo "still" haina kazi kabisa. "Bado dakika tano" ni "Five more minutes". "Bado kidogo" ni "Almost" au "Not quite". Na ile ya "bado kidogo nianguke" ni "I nearly fell". Mtu akisema "still a little I fall" hata mgeni mpole atashindwa kumsaidia.

"Bado watu wawili" ina mlango wa nyuma ambao wanafunzi wangu wanaupenda. Unaweza kusema "Two more people to come", sawa. Lakini unaweza pia kusema "We are still waiting for two people". Umeona kilichofanyika? "Still" imepewa hali ya kushikilia, yaani kusubiri, na imetulia palepale.

Kijana mmoja wa boti aliniuliza, "Sasa mwalimu, hii 'still' si bora tuiache tu?" Hapana, kaka. Itumie pale ambapo "bado" inafuatwa na hali inayoendelea. Bado analala: "He is still sleeping." Bado anaishi Dunda: "He still lives in Dunda." Bado mgonjwa: "He is still sick." Ukiona "bado" yako inafuatwa na "-ja-", simama kwanza, soma hapa chini.

Umesema ukweli kuhusu dereva, mgeni akakasirika

"Bado hajafika" ina njia mbili kwa Kiingereza, na zote mbili ni sahihi kisarufi. "The driver hasn't come yet." "The driver still hasn't come." Hapo ndipo watu wazima wanapoungua, maana kitabu cha shule kinaweza kukupa zote mbili bila kukwambia kwamba ya pili imekunja uso.

"Yet" inatoa taarifa tu: hajafika, anatarajiwa. "Still" mbele ya ukanusho inalalamika: mpaka saa hizi, jamani, hajafika! Binti mmoja wa mapokezi alikuwa akiwaandikia wageni ujumbe wa simu, "Your room still isn't ready." Yeye alidhani anaomba radhi. Wageni walisoma kwamba hata mwenye hoteli amewachoka wafanyakazi wake, wakafika kaunta tayari wamepandisha. Tulibadilisha neno moja na mahali pake: "Your room isn't ready yet." Ujumbe ule ule, chumba kile kile hakijafagiliwa, lakini watu wanakaa chini wanaagiza madafu.

Kipimo chake ni rahisi. Jaribu kuongeza "mpaka saa hizi, jamani!" kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Ikikubali na ndicho unachotaka kusema, weka "still", na iwe kabla ya neno la kukanusha: "still hasn't", "still isn't", "still doesn't". Isipokubali, weka "yet" mwishoni.

Usigeuze ukasema "doesn't still". "He doesn't still live here" si "bado haishi hapa", ni kumbishia mtu anayedhani jamaa angali anaishi hapa. Kwa "haishi hapa tena" Waingereza wenyewe husema "He doesn't live here any more", nawe fanya hivyo.

Kuna ndugu ya dalili hii ambayo haina kosa la sarufi hata chembe. Mgeni uliyemwona jana unakutana naye tena Forodhani, unafurahi, unamwambia, "Are you still here?" Kwetu "bado mpo?" inajibiwa "tupo, tupo" na vicheko. Kwake, ikitamkwa bila tabasamu, inasikika kama ulitegemea awe ameshaondoka na sasa anakuzibia njia. Tanguliza furaha: "I'm glad you're still here."

Unaeleza magofu, watalii wanacheka

Kaole iko kusini mwa mji, kilomita chache tu. Kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye minara. Mtembeza wageni mmoja, mwenye historia yote kichwani kuliko mimi, alisimama mbele ya ukuta akasema: "These walls stand still for many hundred years." Wageni wakacheka. Alikuja kwangu jioni ameudhika, anadhani wamecheka lafudhi yake.

Hawakucheka lafudhi. Sikiliza hizi mbili:

"The walls still stand." Kuta bado zimesimama.

"The walls stand still." Kuta zimesimama tuli, hazitikisiki.

Maneno yale yale, yamebadilishana viti. "Still" ikikaa kabla ya kitendo ni ya wakati, ni "bado". Ikikaa baada ya kitendo cha mwili, kama "stand", "sit", "lie", "hold" au "keep", inarudi kwenye maana yake ya kale ya kutotikisika. Kwa hiyo wageni walisikia kuta zikisifiwa kwa utiifu, kama wanafunzi mstarini ambao kwa mamia ya miaka hakuna aliyejikuna.

Tofauti hii inaonekana vizuri kwa mtoto. "He still sat" ni kwamba wengine waliinuka, yeye akaendelea kukaa. "He sat still" ni kwamba alikaa akatulia. Kinyozi, mpiga picha na nesi mwenye sindano wote wanakwambia "Keep still", maana yake tulia, usijitikise. Kuongea unaweza, ingawa kwa kinyozi mwenye wembe sikushauri.

Sasa kanuni ya mahali, ambayo nawaambia waiandike kwenye kiganja:

Kitendo cha kawaida, "still" inakitangulia: "still stand", "still lives". Ikiwa kuna "is", "are", "was", "were", inafuata nyuma yake: "The tower is still here." Ikiwa kuna kitendo kisaidizi, inaingia katikati: "You can still see."

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kwa mtembeza wageni wa Bagamoyo, kwa sababu nusu ya kazi yetu ni kuonyesha vitu vilivyosalia. Pale misheni kuna mbuyu uliopandwa 1868, na kipande cha mnyororo kimemezwa na gome lake, kimebaki kinachungulia kidogo tu. Usiseme "Still you see the chain", wala "You see the chain still there is". Sema, ukinyoosha kidole: "You can still see the chain." Kisha nyamaza. Watainama wenyewe kutafuta.

Na ukisimulia mambo yaliyopita, "still" haikatai, mradi kitendo kiwe cha wakati uliopita. Makao makuu ya Wajerumani yalihamia Dar es Salaam 1891. Kwa hiyo: "In 1890 Bagamoyo was still the capital." Ukisema "is still" ukiwa mbele ya Boma, mgeni makini atakuuliza ikulu iko upande gani.

Mgeni ameagiza maji, umemletea, hajaridhika

Hili lilimpata dada mmoja mwanafunzi wangu, kwenye hoteli ambayo sitaitaja. Saa saba mchana, jua la kaskazi, wageni wanne wametoka kutembea Mji Mkongwe kwa miguu. Mmoja anasema, "Four still water, please."

Dada akasimama. Huku kwetu maji tunayaagiza kwa namna mbili, ya baridi au ya moto, na "ya moto" maana yake hayajaingia kwenye friji, si kwamba yamechemshwa. Akapiga hesabu yake kimya kimya: "still" ni "bado", kwa hiyo hawa wanataka maji ambayo bado. Bado nini? Bado kuingia kwenye friji! Akaenda stoo, akachukua chupa nne kwenye katoni iliyokuwa karibu na dirisha linalopigwa jua, akawapangia mezani na glasi safi.

Nilipomuuliza kwa nini hakuuliza akaniambia, "Mwalimu, wangeniona sijui." Namwelewa kabisa.

Chanzo ni kwamba hapa "still" iko mbele ya jina, kwa hiyo si "bado", ni sifa: maji yaliyotulia, yasiyochemka mapovu. Mwenzake ni "sparkling", maji yenye gesi. Habari ya friji haimo kabisa kwenye neno hilo. Dawa ni swali la pili, ambalo kila mhudumu anapaswa kuwa nalo ulimini: "Still or sparkling?" na wakishajibu, "Cold, or not cold?" Usiseme "hot", watadhani unataka kuwapikia chai.

Sifa hii utaikuta kwingine pia. Bahari ikiwa shwari asubuhi, kabla upepo haujaamka, nahodha anaweza kumwambia mgeni "The water is very still today." Hapo tena ni utulivu. Kipimo cha haraka: baada ya "still" pameishia? Hakuna kingine kinachofuata kuhusu hali ya maji? Basi ni sifa. Kama kingefuata kitu, "The water is still low", ni "bado": maji bado yamekupwa, nenda kanywe kahawa.

Ujumbe unaanza na "Still" na mkato mdogo

Mgeni ameandika: "The room was small. Still, we will come back." Mwenye nyumba ya wageni alinionyesha simu yake akiwa na wasiwasi. "Anasema bado watarudi. Kwani walishasema lini kwamba watarudi?"

"Still" ikianza sentensi na kufuatwa na mkato, imeacha kabisa habari ya saa na kalenda. Imekuwa "hata hivyo". Hoja imetolewa, chumba kidogo, lakini msimamo haukutikisika. Kwa hiyo mwenye nyumba anapaswa kufurahi.

Mfano ninaoutumia darasani ni wa hapa hapa. David Livingstone alifariki 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, wangeweza kumzika palepale alipofia. Moyo wake waliuzika huko, lakini mwili waliukausha, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwa Kiingereza: "They could have buried him where he died. Still, they carried him to the coast." Ukitafsiri "bado walimbeba", umeipoteza hadithi yote; inasikika kama hawakujua kumtua. "Hata hivyo walimbeba." Hapo uzito unaonekana.

Najua siku hizi hata redioni utasikia "ni ghali, lakini bado watu wananunua", na si vibaya sana. Lakini mimi nasikia Kiingereza kinapumua chini ya "bado" hiyo. "Hata hivyo" tunayo, "pamoja na hayo" tunayo, na wazee wana "ingawaje" yao. Sioni kwa nini tukope.

"Hotter still" imekuchanganya

Hii haina maneno mengi. "December is hot, but February is hotter still." Si kwamba Februari bado ina joto. Ni kwamba Februari joto ni zaidi hata ya hilo. Jirani wa "still" hapa ni neno la kulinganisha, "hotter", "better", "cheaper", na kazi yake ni kuongeza kipimo. "Better still" ni "au bora zaidi". Dalali akikwambia bei ni nzuri na kesho itakuwa "cheaper still", subiri kesho.

Neno limegandana na jingine

Hapa kuna moja si la mchezo. Jamaa mmoja wa karibu alinipigia usiku kutoka hospitali, anasoma karatasi ya shemeji yake. Aliona "stillborn", akaigawa mwenyewe vipande viwili, "still" na "born", akapata "bado kuzaliwa". Akaniambia kwa furaha kwamba mtoto bado yumo tumboni. Ilibidi mimi ndiye nimwambie. Hiyo "still" ni ile ya kale, asiyetikisika: mtoto aliyezaliwa mfu. Ukiliona neno hilo kwenye karatasi, usimtafsirie mtu kwenye simu. Mwite nesi au daktari aeleze mwenyewe, wewe kaa karibu na mwenye msiba.

Mengine ni mepesi. Wachoraji wa Bagamoyo wakisikia "still life" ni picha ya vitu vilivyotulia, mathalani mafenesi na kibuyu mezani, na wingi wake ni "still lifes", si "lives". "Stills" kwa watu wa filamu ni picha mnato. Na "a still", jina kamili lenye "a" mbele, ni mtambo wa kupikia pombe kali, kama ile mitambo ya gongo ambayo polisi huionyesha kwenye taarifa ya habari. Huyu si wa ukoo huu hata kidogo. Asili yake ni Kilatini, neno la tone, kwa sababu mvuke unapoa na kudondoka tone tone. Kufanana ni kwa sura tu.

Kila kitu kiko sahihi, lakini bado hawakuelewi

Kwanza angalia kama ulitaka "till". "I will wait still you come" naiona kwenye madaftari kila wiki. "Mpaka" ni "till" au "until". Ondoa herufi moja ya mbele, umepona.

Ikiwa si hiyo, tatizo liko mdomoni. Kiswahili kina "i" moja, Kiingereza kina mbili, fupi na ndefu. Ukiivuta "still" inakuwa "steal", kuiba. Kijana wa Ngome Kongwe alijitambulisha kwa wageni, "I still work here every Saturday," akaivuta "i" mpaka mwisho wa ukuta. Mama mmoja akahamishia mkoba wake mbele.

Dawa: usitabasamu unapoitamka. Midomo ikitanuka, "i" inarefuka. Legeza taya, tamka kwa haraka kama unayetema kokwa la zambarau, na usiongeze irabu mwishoni ikawa "stili". Fanya mazoezi kwa jozi: "fill" na "feel", "live" na "leave", "still" na "steal". Kisha jirekodi kwenye simu ukisema "I still live here", umsikilizishe mtu ambaye hayuko darasani, bila kumwambia ulichokusudia. Muulize amesikia nini. Akitaja wizi, rudi kwenye "fill" na "feel".